Siku Simba Alipozaa Bila Jua

Nilipokuwa mtoto, wa umri ule wa kutumwa chumvi ukarudi na viberiti, niliamini kabisa kwamba jua likiwaka huku mvua inanyesha, basi mahali fulani porini simba anazaa. Bibi yetu ndiye aliyetuambia, na Bibi hakuwa mtu wa kusema mambo kwa mzaha. Akishasema, akatema tambuu yake pembeni, basi limekwisha. Hatutoki nje, hatupigi kelele, hatunyooshi kidole upande wa porini, mpaka kimoja kiondoke, jua au mvua. Mama anayejifungua hasumbuliwi, alisema, hata awe na makucha.

Nimeyakumbuka haya wiki hii, hapa Southall, maana anga la Novemba limekuwa kama mtu aliyegombana na mwenzake nyumbani. Asubuhi linacheka, ukimaliza chai limenuna. Leo unatoka na koti zito, unarudi umelibeba mkononi. Kesho unaliacha mlangoni, unarudi umelowa mpaka soksi. Jumanne nilikuwa kituoni nangoja basi na jirani yangu Mama Jaswinder, Mpunjabi aliyezaliwa Nakuru, na Kiswahili chake hajakiacha huko. Mvua ikaanza, na jua nalo likatoka papo hapo. Barabara nzima ikang'aa, na yale masufuria yaliyopangwa nje ya duka yakawa yanaumiza macho.

"Mama Saumu, ona! Fisi anazaa," akasema.

"Fisi! Kwetu sisi ni simba."

"Nyinyi Watanzania mnajiona sana. Sisi tulipewa fisi na tukaridhika. Mamangu naye alikuwa akisema eti ni mbweha anaoa."

"Basi leo huko porini kuna shughuli, hapapitiki."

Tukacheka hata basi likataka kutupita. Lakini moyo wangu haukuwa pale. Binti yangu Saumu mimba yake ilikuwa imetimia, na uzazi wa kwanza ulimtesa mno. Nilicheka kwa mdomo tu, huku namsikia Bibi sikioni, na siku ile ya nyumbani ikanirudia yote.

Mji wetu ulikuwa mdogo, chini ya milima ya Usambara: stesheni, msikiti, maduka machache yanayotazamana, na pale nyumba zinapoishia ndipo mkonge unapoanzia. Wakati wa vuli hali ya hewa ilikuwa haishikiki. Asubuhi ukungu unashuka mlimani hata mbuzi wako humwoni. Mchana linawaka jua la kukausha mihogo. Ukisema sasa limekaa, unasikia ngurumo. Wiki hiyo Mama alianika mihogo, akaanua, akaanika tena, na tumbo lake lile kubwa, mpaka Bibi akamnyang'anya ungo. Bibi alikuwa mama yake Baba, lakini mtu asiyewajua angedhani Mama ndiye mwanawe wa kumzaa.

"Salma, kaa chini. Mihogo ikilowa italowa."

"Mama, naona mtoto huyu amekawia."

"Hajakawia. Anangoja siku yake. Huyu atazaliwa siku simba anazaa, nimeshasema."

Baba alikuwa anakula. Akacheka hadi akapaliwa. "Mama, simba gani huku kwenye mkonge? Si atachomwa miiba!"

"Cheka tu," Bibi akamwambia. "Wewe ulizaliwa siku ya upepo, ndiyo maana hutulii nyumbani."

Uchungu ulimshika Mama asubuhi moja ya ukungu, kabla hatujanywa uji. Akaitwa Mama Chausiku, mkunga wa mtaa wetu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze. Tukacheza. Mchana ukafika na mlango haujafunguliwa. Ndipo nilipomsikia Mama Chausiku akimwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Mtoto amekaa vibaya na mama anachoka. Huyu wa hospitali." Na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto kwa mvua za wiki ile ulikuwa umefunika daraja. Baba akatoka mbio, bila kofia, kwenda kwenye shamba la mkonge kuomba trekta.

Bibi akatuita, mimi na dada yangu Mwanaidi. Mwanaidi alinizidi miaka mitatu tu, lakini kwa maneno alimzidi hata Baba. Bibi akachuchumaa mbele yetu. Alikuwa akimwita Mwanaidi mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na siku ile pia hakuacha.

"Mke mwenza, nina kazi ambayo siwezi kumpa mtu mzima. Watu wazima hawajui kuangalia juu. Nendeni mkakae kwenye upenu wa jiko. Jua na mvua vikikutana, hata kidogo, mniite kwa sauti ya kufika stesheni. Simba akizaa, mama yenu atazaa."

"Na visipokutana?" Mwanaidi akauliza.

"Vitakutana. Nyie angalieni tu."

Basi tukaangalia. Sijawahi tena kuliangalia anga namna ile. Mvua ilikuja ikapiga mabati, tukasema sasa jua, sasa jua. Ikakatika kabisa, na hapo ndipo jua likatoka, likakausha ua kwa makusudi. Wingu likarudi. Jua likajificha kwanza, kama mtu anayempisha mkwewe njiani, halafu ndipo mvua ikaanza. Havikutaka kuonana. Mwanaidi akawa analitukana wingu moja baada ya jingine, kila moja kwa tusi lake.

Ng'ambo ya ua alikuwa Mzee Kombo, fundi cherehani, ambaye wiki nzima alikuwa akikitoa na kukiingiza kile cherehani chake kwa ajili ya hali ya hewa.

"Nyie watoto, hayo mawingu yamewaibia nini?"

"Tunangoja simba azae," nikamjibu.

"Ala! Na akishazaa mtampelekea uji?"

"Wewe shona, Mzee Kombo," Mwanaidi akamrushia. "Suruali ya watu hiyo, tangu Idi."

Alikuwa anafungua mdomo kumjibu, ndipo sauti ya Mama ilipotoka chumbani. Mzee Kombo akaweka mkasi chini. Kisha akageuza kiti chake taratibu, akaliangalia anga pamoja na sisi.

Kila baada ya muda Bibi alitoa kichwa mlangoni. "Wapi?"

"Bado, Bibi!"

"Na lile la upande wa stesheni je?"

"Lile jeusi, lakini lina tundu katikati."

"Lichungeni hilo."

Akarudi ndani. Mimi leo ni mtu mzima, nimezaa, nimezalisha wenzangu, na najua siku ile Mama alipiga kelele za namna gani. Lakini nikijaribu kuzikumbuka, kinachonijia ni lile wingu lenye tundu katikati. Bibi alituwekea wingu mahali pa kilio. Sijui nani alimfundisha hayo, maana hata jina lake hakujua kuliandika.

Halafu sauti ya Mama ikakatika.

Mvua ilikuwa imeshika kwelikweli, na juu kote kulikuwa kama kitako cha sufuria. Ndani tukamsikia Mama Chausiku: "Salma! We Salma! Usilale! Salma, nifumbulie macho!" Na Mama hakujibu. Nilimshika Mwanaidi nguo. Akaniponyoka, akaenda kusimama katikati ya ua, mvua inampiga, akapiga ukelele ambao hakika stesheni waliusikia.

"Bibi! Simba anazaa! Jua hilo, Bibi! Jua hilo!"

Nikaangalia juu. Hapakuwa na jua. Hapakuwa hata na lile tundu. Nikataka kusema, lakini nilipogeuka nikamwona Mzee Kombo ameweka kidole mdomoni, ananitikisia kichwa.

Bibi akatoka. Kanga ilikuwa imemvuka kichwani na hakuijali. Akasimama kwenye mvua, akainua uso, akaangalia lile anga jeusi kutoka upande huu hadi upande ule. Kisha akamwangalia Mwanaidi. Mjue kwamba Bibi huyu alikuwa amemchapa Mwanaidi juzi yake tu, kwa kusema ameosha vyombo na hakuviosha. Uongo ulikuwa kitu ambacho nyumbani kwetu hakikupewa kigoda.

"Naliona," Bibi akasema. "Kweli, mke mwenza. Naliona."

Akageukia mlango, akaita kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Salma, mwanangu! Jua limetoka! Simba ameanza, na wewe anza! Hayawani wa porini asikushinde!"

Mvua tu. Halafu kutoka ndani ikaja sauti ndogo, imechoka, na ndani yake kuna hasira kidogo.

"Nimesikia, mama."

Bibi akaingia mbio kama msichana. Sijui ilichukua muda gani. Mimi na Mwanaidi tulibaki tumeshikana pale pale kwenye maji, na Mzee Kombo naye alikuja akasimama nasi, mzee wa watu, na kandambili zake zinaelea. Tukasikia kofi, halafu kilio cha mtoto. Ndugu yetu Hamisi. Trekta lilipofika, Baba akiwa tope tupu mpaka kwenye nyusi, maji ya mto yalikuwa yamepungua kidogo, na Mama Chausiku akashikilia kwamba mama na mtoto waende hospitali vilevile, na wakaenda, na wakarudi wazima.

Kesho yake mchana, nyumbani tukiwa sisi na Bibi tu, jua likawaka na mvua ikanyesha, vyote viwili, wazi kabisa, na upinde juu yake. Tukakimbia jikoni. "Bibi! Bibi! Simba!"

Hata hakugeuka. "Huyo mwingine," akasema. "Wetu ameshazaa. Kaleteni kuni kabla hazijalowa."

Nilipokuwa nimeshaolewa nilimuuliza Mama kama alijua. Alikuwa anachambua mchele, akatabasamu. "Dirisha la chumba kile lilikuwa juu ya kitanda," akaniambia. "Niliona kiza kitupu. Lakini mama mkwe wangu sijamsikia akisema uongo hata siku moja. Nikasema moyoni, basi labda hilo jua liko upande wa pili wa nyumba. Ngoja nijifungue nikalione."

Miaka mingi nimekuwa nikiwasimulia watu kisa hiki ili wacheke, na wanacheka. Wapo wanaoniuliza kama Bibi mwenyewe aliamini habari ya simba. Nawajibu sijui. Nilidhani nimeshakielewa chote kilichobaki: kwamba ile kazi ya kuchunga mawingu alitupa ili kutuondoa mlangoni, na nikamsifu kwa hilo.

Alhamisi hii wakampeleka Saumu hospitali. Mumewe akaenda naye, mimi nikabaki na mjukuu wangu Nasra, ana miaka saba. Nasra Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu hunijibu kwa Kiingereza. Mkwe wangu akapiga simu mara moja: mapigo ya mtoto yameshuka kidogo, madaktari wako naye, mama usiwe na wasiwasi. Nikakata simu nikaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nasra akawa ananiangalia mikono.

"Nasra," nikamwambia, "panda kwenye hicho kiti, uangalie dirishani. Jua na mvua vikikutana, uniite. Simba akizaa, mama yako atazaa."

Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba Southall hakuna simba. Lakini akapanda. Nje mvua ilikuwa inakuja na kuondoka, paa za nyumba zinang'aa halafu zinazima, treni zinapita.

"Wapi?" nikamuuliza baada ya muda.

"Bado, Bibi."

Kwa Kiswahili. Nikamuuliza tena, na tena, na kila akinijibu "bado" mikono yangu inatulia kidogo. Hapo ndipo nilipomjua Bibi, mimi mwenye wajukuu. Ile kazi hakutupa sisi peke yetu. Alikuwa ndani na mambo yanayomzidi nguvu, na alihitaji mtu nje wa kumwambia kwamba bado kuna kitu kinangojewa. Alipotoa kichwa mlangoni na kuuliza "Wapi?" alikuwa anakuja kuchota kwetu. Na Mwanaidi alipomletea jua ambalo halikuwepo, alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka ndani likiwa bado la moto. Mtoto wa miaka kumi na mwanamke wa umri wangu, wameshirikiana kubeba jua zima. Nimeona watu wengi hodari maishani mwangu. Kama wale wawili, bado.

Simu ikalia. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, analia kama ana kesi. Nikakaa chini nikamshukuru Mungu, na Nasra akaruka kutoka kwenye kiti, akanikumbatia, halafu akasimama ghafla. Akaangalia dirishani. Nje kulikuwa kijivu, manyunyu tu, hata ndege hayuko.

"Lakini Bibi," akasema, "jua halijatoka."

Nikaenda nikasimama karibu yake, nikaliangalia anga lote, kutoka upande huu hadi upande ule.

"Limetoka," nikamwambia. "Liko upande wa pili wa nyumba. Vaa viatu."

Akaniangalia vizuri usoni. Kisha akakimbilia viatu vyake, tukavaa makoti, tukatoka kwenda hospitali, na tulipofika kwenye kona Nasra akatangulia mbele, kichwa juu, analitafuta.