Mwanamke Anayetafuta Magego ya Zamani

Mwaka jana niliandika katika gazeti hili kwamba vizibo vya resini, vile vya rangi ya jino, vilikuwa vimedumu miaka ishirini na saba katika magego ya watu thelathini na wanne kati ya arobaini. Sikuuliza hao arobaini walitoka katika kundi la watu wangapi. Wala sikumtazama vizuri mwanamke aliyenifungulia mlango.

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke huyo, Noeli Krolow, ameketi kwenye dawati lake katika kliniki ndogo ya meno mjini Pelotas, kusini mwa Brazili, simu begani, mkononi kibuyu cha mate, chai chungu ya majani inayonywewa huko. Mbele yake limefunguliwa daftari la majina tisini na manne: watu wote waliozibwa magego na Daktari Valdomiro Echenique, baadhi kwa resini ya aina moja, wengine kwa ya pili, ili ijulikane ipi itadumu.

"Uliwahesabu waliokuja wenyewe," ananiambia, bila ukali. "Mwenye jino zima huja akitabasamu. Aliyevunjikiwa huona haya."

Noeli, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alianza hapa kama mfagizi. Leo kazi yake ni kuwatafuta wasiokuja. Namba nyingi za simu zimekufa; kwa hiyo anapanda basi hadi mashambani, anabisha hodi, anauliza kwa majirani. Amewapata ishirini na mmoja. Tisa kati yao vizibo vyao vilikuwa vimevunjika au jino limeng'olewa.

Wengine wawili walimliza. Walipopata mwaliko, walikwenda kwanza kwa daktari mwingine kubadilishiwa kizibo, wasije wakamwaibisha Daktari Valdomiro kwa kazi iliyochakaa.

"Kwa adabu tu!" Noeli anasema. "Mtu anakuletea jino jipya kama anayekuja harusini. Miaka ishirini na saba imetupwa kwenye beseni, na hatutajua kamwe kizibo cha kwanza kilikuwaje."

Ndiyo sababu leo hatulii. Anamsubiri Osmarino Tavares, mstaafu wa kiwanda cha pichi za makopo, ambaye amekuwa akimtafuta kwa miezi minane. Gego lake la chini kushoto lina kizibo kikubwa kuliko vyote daftarini. Karibu nusu ya jino ni resini. Daktari mwenyewe, siku alipokiweka, aliandika pembeni: *Sidhani kitafika miaka mitano.*

Mzee Osmarino anaingia akiwa amevaa koti lililopigwa pasi.

"Bi Noeli, usinigombeze. Jana nilikwenda kwa daktari wa mtaani kwangu."

Mkono wa Noeli unasimama juu ya daftari. "Mzee wangu. Umefanya nini?"

"Nilitaka anisafishe tu, ninukie vizuri. Akachungulia, akasema, 'Hiki kimezeeka, tukitoe.' Nikamwambia, thubutu! Kuna mama mmoja kule mjini atanikata kichwa."

"Na ningekikata kweli!" Noeli anacheka, kisha anageuka kufuta macho.

Wanaochunguza ni madaktari wawili vijana, mmoja baada ya mwingine, pasipo kuambiana. Hawaambiwi ni resini ipi iliyotumika. Daktari Valdomiro, aliyekiweka kizibo, haruhusiwi kuingia. Mtu hahukumu kazi yake mwenyewe. Anasimama ukumbini kama baba nje ya wodi ya wazazi.

Taa inawashwa. Naruhusiwa kuchungulia kwenye kioo kidogo.

Kizibo kipo. Ukingoni kuna mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele. Juu kimelika, kikalainika kwa maelfu ya milo ya nyama choma na chai ya mate ya moto. Lakini sindano ya daktari inapopita kutoka resini hadi jino, haikwami popote. Kitu kilichokuwa laini kama ugali, kikagandishwa kwa mwanga wa sekunde chache, kimemtafunia mtu chakula kwa zaidi ya robo karne.

"Bado kipo?" sauti inauliza kutoka ukumbini.

"Kipo, Daktari," Noeli anajibu. "Kimezeeka kuliko wewe, lakini kipo."

Mzee anafunga mdomo. "Kwa hiyo nimefaulu?"

"Hata kingekuwa kimevunjika, mzee, ungefaulu. Ulikileta."

Anaandika jina la sitini na mbili. Vizibo arobaini na vitano ni vizima, kumi na vitano vimeshindwa, viwili havitajulikana. Watu thelathini na wawili hawajaonekana, na anataka kuwafikia wote, hata waliofariki. "Nitawauliza watoto wao," anasema. "Mtoto hukumbuka baba alikuwa akitafunia upande gani."

Jumatatu iliyofuata alituma mialiko mipya. Mstari wake wa kwanza sasa unasema: "Njoo na jino lako jinsi lilivyo." Na takwimu nilizochapisha mwaka jana zimesahihishwa, wasioonekana sasa wana safu yao.