Bahasha Zenye Majina Mawili

Sifa ni zako, Mungu uliyeniamsha leo nikauona mlima bila wingu, nikakumbuka ya kukushukuru kabla ya yale ya kukulilia. Umenipa miaka mingi kuliko niliyoomba. Nisaidie niyaandike haya bila kujipendelea.

Binti yangu alirudi kutoka Ujerumani akiwa na sanduku moja na ugonjwa ambao madaktari wa kule walikuwa wamekwisha kumwambia hauponi. Alikuwa amekwenda huko na mume wake, kijana wa ng'ambo ya mto, baada ya kufunga ndoa katika usharika wetu hapa Uru, mlimani. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika huo. Siku ile niliwapeleka madhabahuni nikiwa nimenyoosha mgongo. Waliachana huko huko, na mahakama ya huko ikawapa talaka. Mume akaoa mwingine. Binti yangu akabaki akiwahudumia wazee wa watu, akiwaogesha na kuwalisha, huku baba yake akijipikia.

Wiki aliyofika alizunguka kihamba chote, shamba letu la migomba na kahawa walimolala wazazi wangu na mama yake. Aliposimama penye kaburi la mama yake, alipima kwa hatua nafasi iliyobaki hadi kwenye ua wa masale, mmea tunaouotesha mipakani.

"Hapa ninatosha," alisema.

"Mama, usiseme hivyo," nilimwambia.

"Baba, nimekonda. Hata nusu ya hapa inanitosha."

Alicheka, nami nikajifanya natafuta jembe.

Sasa, huku kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa katika kihamba cha mume wake. Haijalishi alikufa wapi. Kwa hiyo sikushangaa sana kaka mkubwa wa yule aliyekuwa mume wake alipokuja kumtazama mgonjwa. Alileta mkungu wa ndizi na maziwa. Ni mtu mwema, nasema hivyo mpaka leo. Nilipomsindikiza alisimama getini.

"Mzee, tusifichane. Siku ikifika tutakuja kumchukua. Mahali pake tumekwisha kupasafisha."

"Waliachana, mwanangu. Kuna hukumu."

"Hukumu ya Wazungu! Sisi mbege na mbuzi tulileta hapa kwako, hatukupeleka Ujerumani. Mlikunywa hapa, mkala hapa. Mke wetu ni mke wetu."

Binti yangu alikuwa amesikia kupitia dirishani. Niliporudi ndani alikuwa amegeukia ukuta.

"Baba, usiwaache wanipeleke kule," alisema. "Kwa mama tu. Sitaki kingine."

Ndivyo nilivyoanza, katika uzee huu, kushuka mjini kwenda kwa wakili. Alikuwa binti mdogo, mwenye chumba ghorofani juu ya duka la vitambaa la Mhindi. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akanieleza polepole. Talaka iliyotolewa nje haifanyi kazi hapa mpaka mahakama yetu iitambue. Bila hivyo, katika daftari la serikali binti yangu bado ni mke wa mtu. Tulihitaji hukumu yenyewe yenye muhuri, tafsiri yake iliyothibitishwa, na kiapo cha binti yangu. Hukumu ilikuwa ya Kijerumani tupu. Ilikwenda Dar kutafsiriwa, ikarudi, ikaonekana ina upungufu wa muhuri, ikapelekwa Ujerumani, tukangoja.

Nimelima kahawa maisha yangu yote; kungoja si kazi ngeni kwangu. Lakini kahawa ukiingoja inakua. Safari hii nilimngoja mtu akipungua. Asubuhi nilimpikia mtori mwepesi wa ndizi za mshare, nikiuchuja ili zisimkwame. Jumatatu ya kwanza alimaliza bakuli. Hadi karatasi ziliporudi, alikuwa anakula vijiko vitatu na kunishukuru kama mgeni.

Siku ya kusikilizwa tulifika mimi na wakili. Yule kaka naye alikuja kupinga, ndani ya suti yake ya ibada. Alikuwa na barua kutoka usharika wetu. Ilisema kwamba hao wawili wameandikwa kuwa mume na mke, na kwamba bahasha zao za sadaka zimekuwa zikirudi kila mwaka, hadi mwaka huu. Jaji, mama wa makamo, aliisoma mara mbili.

"Kama waliachana kule," aliuliza, "kwa nini hapa wanaendelea kutoa kama nyumba moja?"

Wakili wangu aliomba muda. Jaji aliahirisha shauri kwa wiki tatu ili tujibu kwa kiapo. Kwenye ngazi, wakili alinishika mkono.

"Babu, hizi bahasha nani alikuwa anazirudisha?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mimi."

Msomaji ambaye si wa usharika wetu nimweleze. Kila mwanzo wa mwaka kila nyumba hupewa bahasha zake, zimeandikwa jina la mume na la mke. Waliosafiri, ndugu huwachukulia. Habari ya talaka ilinifikia kwa simu, na siku hizo nilikuwa nimetoka kuwaonya vijana wawili kuhusu ndoa yao mbele ya baraza la wazee. Niliona aibu. Nilichukua bahasha za binti yangu na za mtu ambaye hakuwa tena mume wake, nikaziweka katika kapu, Jumapili baada ya Jumapili, miaka tisa. Nilijiambia ninawatunzia nafasi. Nilijiambia Mungu anaweza kuwarudisha. Kila nilipokunja bahasha nilifunika jina la yule bwana kwa kidole gumba. Kwa hiyo nilijua. Karani wa usharika hakukosea kitu, aliandika alichokiona.

Nilimwambia binti yangu mchana ule, amekaa barazani na blanketi magotini. Nilitegemea atakasirika. Aliwatazama ng'ombe wa jirani hadi wakapita wote.

"Kwa hiyo kila Jumapili," alisema, "ulikuwa unanirudisha kwake."

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo, na nimezika wengi. Nilipiga magoti pale barazani, mzee mzima mbele ya mtoto wake.

"Inuka, Baba. Magoti yako mabovu, nani atakunyanyua? Mimi?"

Hakusema kwamba amenisamehe. Alikula vijiko vitatu, akalala. Kwa siku kadhaa alinijibu nilichomuuliza, basi. Usiku wa kuamkia mahakama ndipo aliniita na kuniambia nivae koti la kijivu, kwa kuwa lile jeusi lingemfanya jaji adhani amekwisha kufa.

Nilishika Biblia nikaapa, kisha nikayasema yote. Sauti yangu ni ya kusoma neno kanisani. Imezoea watu kuinamisha vichwa. Pale walinitazama. Nilieleza juu ya kapu, juu ya kidole gumba. Yule kaka alicheka kwa pua.

"Mzee wa kanisa! Sisi ulitufundisha Amri ya Nane, usishuhudie uongo, tukiwa kipaimara!"

"Nyamaza," alisema jaji. Kisha akaniuliza, kwa upole nisioustahili, "Mzee, binti yako alijua habari ya bahasha?"

"Hakujua, mheshimiwa. Na yule bwana hakujua. Uongo ni wangu peke yangu."

Aliandika kwa muda mrefu. Uamuzi aliusoma baada ya wiki mbili. Alisema wote wawili walikuwa wakazi wa kule wakati talaka inatolewa, kwamba kila mmoja alipata nafasi ya kusikilizwa, na kwamba bahasha za baba haziwezi kufufua ndoa ambayo wenyewe waliikubali imekwisha. Talaka ikatambuliwa. Yule kaka alitoka bila kunipa mkono.

Nilipanda Uru na karatasi ndani ya koti. Nilimsomea yote, hata namba ya shauri, maana alitaka yote. Nilipofika penye neno kwamba yeye si mke wa mtu, alinisimamisha.

"Rudia hapo."

Nilirudia. Aliitaka karatasi, akaiweka chini ya mto wake, na ikakaa huko. Aliishi siku kumi na nane baada ya hapo. Niliikuta ina mikunjo mingi; alikuwa akiisoma nikiwa shambani.

Tulimzika karibu na mama yake. Alitosha. Kaburi lilipokuwa linafunikwa, niliona watu wakipisha njia. Yule kaka alikuja ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu hilo ni ombi la amani, na mtu akikuletea huna ruhusa ya kulikataa. Nililipokea kwa mikono miwili.

"Mahali pake kule tutapanda migomba," aliniambia.

"Pandeni mshare," nikamwambia. "Alikuwa anapenda mtori."

Tulilia pamoja, wanaume wawili ambao kila mmoja alidhani anamtunza.

Uzee wa kanisa niliurudisha mwenyewe, na nilitubu mbele ya usharika. Kabla ya hapo, binti yangu angali hai, nilikuwa nimemwomba karani amwandikie bahasha zake peke yake. Zilikuja mwanzo wa mwaka, yeye amekwisha kulala. Jina lake lipo katikati ya mstari, na nafasi tupu kila upande. Karani alinikabidhi akaomba radhi, akasema hakujua kama alifute jina. Nimezitia katika Biblia yangu. Katika kapu sikuziweka, na za mtu mwingine sitaziweka tena.

Ninamshukuru Mungu kwa siku kumi na nane zile.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe kusema kweli mapema, wakati unayempenda bado anaweza kukujibu. Akutunzie walio mbali, akuwekee mahali pema pa kulala, na wa kukusindikiza kwa amani. Amina.