Mwambie Mama Asikaze

Kila kilichopita mikononi mwake kilikazwa. Shati aliloshona yeye lingechakaa hadi likawa tambara la kufutia vumbi, lakini vifungo vyake vingebaki palepale, vikikutazama. Chupa ya mafuta aliyoifunga yeye ilihitaji mwanamume wa miraba minne kuifungua, na wengine walijaribu wakaondoka wakisingizia jasho. Mtaa mzima ulimwita Bi Kaza, naye aliitika bila kinyongo. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, chini ya dirisha, na kwa miaka thelathini na moja alishonea humo sare za shule, mapazia, na magauni ya arusi ya mabinti ambao hawakukawia kumrudia awaongezee kiunoni.

Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu wa pole, wa kuanza sentensi leo na kuimaliza kesho. Hawakugombana kwa mengi. Waligombana kwa koki ya jikoni, koki ya zamani yenye mkono mmoja mrefu. Mume akiifunga, mkono uliishia kuelekea dirishani. Mke akiifunga, aliusukuma mpaka ukaelekea ukutani, na kila baada ya miezi michache ile washa, kijipete cha mpira kilichomo ndani, ilikuwa imesagika.

"Usikaze, mama," fundi alikuwa akimwambia, spana mkononi. "Ikifika imefika. Kinachozidi hapo ni kuumizana tu."

Mkewe alimjibu kwamba nyumba za walegevu huogelea. Siku nyingine walicheka, siku nyingine walinuniana hadi chakula cha jioni.

Magoti ya fundi yalipogoma kukunjika tena chini ya masinki ya watu, alikaa nyumbani mwezi mzima akimkorofisha mkewe. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpishi mmoja wa hoteli, mteja wake wa zamani, alimfundisha kutengeneza mvinyo wa mananasi, naye akaingia kichwakichwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na kijitabu na penseli. Mvinyo wa kwanza aliutengenezea kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya rangi, akaisuuza kwa maji baridi, akajiona amemaliza. La kuvunda halina ubani. Alitia sukari, akatia mdalasini, na bado nyumba ilinuka siki na viatu vilivyoloa. Bi Kaza alishona wiki nzima amejifunga leso puani, na wateja wakadhani ana mafua.

Mara ya pili alichemsha kila kitu, hadi mwiko. Alimenya mananasi, akayaponda, akayatia maji ya sukari ya uvuguvugu na hamira, akachuja, akamimina kwenye mtungi mkubwa wa kioo alioupata maabara fulani alikowahi kurekebisha mabomba. Kifuniko chake cha kuzungusha alikitoboa, akapitisha mpira mwembamba, na ncha ya mpira akaizamisha kwenye kikombe cha maji. Hewa ya ndani itoke, alieleza, ya nje isiingie. Mtungi ulihitaji joto, na joto lilikuwa kwenye chumba cha cherehani ambako pasi haikupoa. Akauweka juu ya kigoda, hatua moja kutoka kiti cha mkewe. Kesho yake ulikuwa umetoa povu hadi shingoni, naye akamwita mkewe aje aone, akiwa amefurahi kupita kiasi. Siku hiyohiyo fundi alibanwa na kifua.

Alilazwa siku tatu. Bi Kaza alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi zake, maana hakuwa na kitu kingine cha kushika. Fundi alivuta pumzi, kisha kikafuata kimya. Moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. Kisha akavuta tena. Siku ya tatu, mchana, mke alikwenda nyumbani kuchukua shuka safi. Aliporudi, nesi alimsubiri mlangoni.

Nesi alimweleza kwamba mgonjwa aliivua barakoa ya hewa mara mbili ili aseme neno, na mara zote mbili alisema lilelile: "Mwambie mama asikaze." Kisha akalala, na hakuamka.

Neno hilo lilimwingia Bi Kaza kama mwiba na likakaa. Miaka thelathini na moja, na la mwisho kabisa likawa lawama ya koki? Au hakuwa akisema koki? Pengine alikuwa akimsema mkewe mwenyewe, kwamba alimbana mumewe maisha yote hadi akasagika. Watu walipomuuliza marehemu aliaga vipi, alijibu kwamba alilala tu. Mazishini kila aliyemkumbatia alimnong'oneza "jikaze, mama, jikaze," naye alijikaza. Hakutoa chozi. Watoto wake wawili, watu wazima wenye kazi zao mbali, walikaa siku mbili wakimtazama kwa wasiwasi, kisha wakaondoka.

Siku ya tatu baada ya mazishi alirudi kwenye cherehani. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, mtaa umelala. Alishona upindo wa pazia, akaachia kanyagio ili akate uzi, na nyuma ya bega lake kitu kikasema: bluku.

Kilikuwa kiputo tu, kimepanda kwenye kikombe. Alijua ni kiputo. Akaendelea kukata uzi, ila kichwa kilianza kuhesabu bila kuombwa. Moja, mbili, tatu. Kwenye kumi na moja, kikombe kikasema tena. Akahesabu mara ya pili na ya tatu. Ilikuwa kumi na moja, bila kuzidi wala kupungua.

Alimwita wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye maneno mengi na masikio mazima. Walikaa chumbani humo saa nzima wakinywa chai. Kikombe kilitulia, hakuna hata kiputo. Wifi alimshika mkono, akamwambia huzuni ina sauti zake na zitapita, ila ajikaze. Alipotoka, kabla hata hajafika barabarani, kikombe kikasema bluku.

Siku iliyofuata Bi Kaza hakushona. Aliketi kwenye kiti chake mchana kweupe, mikono mapajani, ameukabili mtungi. Ndani yake maji ya manjano yalikuwa yakizunguka taratibu, yakipandisha na kushusha mashapo, kama kuna kidole kinayakoroga. Aliona haya kuzungumza na kinywaji, lakini alizungumza.

"Ulikuwa na maana gani?" aliuliza.

Akahesabu. Kumi na moja. Bluku.

"Ni mimi niliyekuchosha?"

Hakufika kumi na moja. Ilikuwa tatu tu, kisha vikapanda viputo viwili kwa mpigo, na maji ya kikombe yakamrukia mguuni.

Aliogopa, na woga ulipopungua hasira ikachukua nafasi. Alichomoa mpira, akatupa kile kifuniko chenye tundu, akatafuta kifuniko kizima. Akakizungusha kwa kitambaa, kwa mikono miwili, kwa nguvu zote za mikono iliyovuta uzi miaka thelathini na moja. Kisha akatega sikio. Chumba kilikuwa kimya kama kaburi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala usingizi wa maana.

Kesho yake mchana alikuwa jikoni akiosha sahani moja na kijiko kimoja. Akafunga koki, akageuka, na nyuma yake likadondoka tone. Akasimama. Hakutaka kuhesabu lakini alihesabu. Kwenye kumi na moja, tone likadondoka.

Alirudi akaikaza. Mkono wa koki ulielekea ukutani. Kumi na moja, tone. Akaukaza tena hadi ukapita usawa wa ukuta, hadi kiganja kikamwuma, na kadiri alivyokaza ndivyo tone lilivyoanguka na sauti nzito zaidi ndani ya sinki. Mlango wa nje alikuwa ameutia komeo. Hakukuwa na mtu ndani ila yeye, na hakutaka kuamini vinginevyo.

Mkoba wa vifaa vya mumewe ulikuwa chini ya kitanda. Hakuwa ameugusa tangu msiba. Aliuvuta ili atafute washa mpya, na kati ya spana akakuta kile kijitabu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa penseli nene ya fundi: Kwa anayeanza, yaani mimi. Osha kila kitu kwa maji ya moto. Ukimaliza, osha tena. Bi Kaza alitabasamu bila kutaka. Akafunua hadi ukurasa wa mwisho, wenye tarehe ya siku aliyolazwa.

Siku kumi za kwanza mtungi lazima upumue. Ukiufunga kabisa, kioo kitapasuka, na aliye karibu ataumia. Ukishakosea ukaufunga, usiufungue kwa pupa. Uzungushie blanketi lililoloa, kaa pembeni, legeza kidogo kidogo. Chini yake, kwa herufi za haraka zilizopinda, kulikuwa na mstari mmoja zaidi: Kiti chake kiko karibu mno. Nikitoka nje, nimwambie mama asikaze.

Aliusoma mara tatu, akiwa amepiga magoti sakafuni. Hapo ndipo alipousikia mtungi. Haukuwa ukibubujika. Ulikuwa ukilia tik, tik, kama kucha inayogonga kioo kutoka ndani.

Alilowesha blanketi, akaingia chumba cha nyuma ubavu ubavu. Kifuniko kilikuwa kimevimba katikati. Kitambaa cha pazia alichokiacha kwenye cherehani kilikuwa hatua moja tu kutoka pale, na sindano ilikuwa bado imezama ndani yake, ikimsubiri. Aliuzungushia mtungi blanketi, akasimama pembeni, akapitisha mkono chini ya blanketi hadi akakishika kifuniko. Akazungusha. Kilizidi kukaza. Mkono wake ulijua upande mmoja tu.

Alisimama kidogo, akijifundisha upya. Kisha akakigeuzia upande wa pili, kidogo kabisa, jinsi fundi alivyokuwa akifanya. Kifuniko kiligoma, kiligoma, kisha kikakubali.

Pumzi ikatoka. Ilitoka ndefu, ya joto, yenye harufu ya nanasi na ya kitu kingine alichokifahamu, pumzi ya mtu anayetua mzigo mlangoni mwake mwenyewe. Alihesabu hadi kumi na moja na bado ilikuwa ikitoka. Ilipokwisha, Bi Kaza aliketi sakafuni, akaukumbatia mtungi na blanketi lake lililoloa, akalia kwa sauti hadi majirani wakasikia. Alilia kwa sababu haikuwa lawama. Mtu alikuwa anakufa, na wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya kiti cha mkewe.

Jua lilikuwa limegeuka alipoinuka. Alirudisha kifuniko chenye tundu na mpira wake, akatoa washa mpya mkobani akaitia mfukoni, akachukua kikombe kwenda kukitia maji.

Jikoni kulikuwa kimya. Sinki lilikuwa kavu. Mkono wa koki, alioukaza mwenyewe hadi ukapita usawa wa ukuta, ulikuwa unaelekea dirishani. Alitazama mlango wa nje. Komeo lilikuwa mahali pake.

"Nimesikia, baba," alisema.

Alifungua koki, akajaza kikombe, akaifunga kwa vidole viwili. Mkono uliishia dirishani, naye akauacha hapo. Alisubiri akihesabu hadi kumi na moja, na halikudondoka tone.