Injinia Gichuki Ametuacha, na Mashine ya Mwea Imekubali

Bwana asifiwe wapendwa. Mko aje huko mliko? Watoto wazima, na hii baridi haijawaangusha? Sisi huku Gatitu tupo, ni neema tu.

Mimi bado sijaamini. Jumatatu asubuhi tuliongea na yeye kwa simu, anacheka. Saa nne mke wake, Mama Tony, ananipigia: moyo umesimama. Injinia Gichuki, mwenye ile kampuni yetu ndogo ya software ya kuchora vipuri vya mashine, hayuko tena.

Nililia mpaka majirani wakaja. Lakini leo naandika nikiwa na furaha nyingine sijui niiweke wapi. Ngojeni niwaambie.

Wengi huniuliza, "Mama Ciku, wewe fundi wa nguo, darasa la nane, ulifika aje kwa kampuni ya mainjinia?"

Injinia alikuwa Nairobi miaka mingi akichora mashine kwa kompyuta. Programu zilikuwa za ng'ambo, bei yake fundi wa kuchomelea wa hapa kwetu hawezi hata kuota. Akaacha kazi, akarudi, akakodisha chumba nyuma ya posho mill, akaanza kuandika yake. Unapiga picha kipuri kilichoharibika, unaweka vipimo, inakuchorea kipya. Na inakuongelesha kwa Kiswahili!

Unga ulikuwa unaingia kila mahali. Alikuwa anapuliza laptop kama mtu anayewasha jiko.

Client wa kwanza alikuwa mzee wa Giakanja, visu vya mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Visu vikachorwa, vikakatwa, vikafungwa. Majani yakatoka vile yaliingia. Mzee akamwambia, "Kijana, ng'ombe wangu amekuangalia akakuonea huruma."

Injinia alipima tena na tena. Vipimo vilikuwa sawa na kile kisu cha zamani, hakuna kosa. Alikuwa karibu kufunga kampuni.

Wiki hiyo akaja kwa kibanda changu na suruali kuukuu mkononi. Ati nimshonee mpya kama hiyo, nichukue vipimo kwa hiyo hiyo.

Nikamwambia, "Baba Tony, hii imetanuka magoti na imelika pindo. Nikikata kwa hii, utavaa suruali mpya yenye magoti ya zamani."

Akainama akaangalia magoti ya ile suruali. Nikadhani nimemkosea. Akauliza polepole, "Sasa wewe hujua aje vile ilikuwa ikiwa mpya?"

"Natafuta mahali hapakusuguliwa. Ndani ya mshono."

Wueh! Huyo mtu alitoka mbio akaniachia suruali kwa meza. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kabla sijafungua. "Mama Ciku, funga hapa twende kazini."

Kumbe yeye na vijana wake walikuwa wanachora uchakavu! Kisu kimelika, na wao wanakitolea pacha aliyelika hivyo hivyo. Tukapima mahali hapakulika, na majani ya mzee yakakatika.

Tangu siku hiyo programu yetu, kabla ichore kitu chochote, inakuuliza kwanza: Imelika wapi? Hilo swali ni langu. Injinia aliliweka akaniita nilisome kwa sauti mbele ya vijana wote. Mimi!

Tukakua. Tukahamia chumba cha juu chenye madirisha, watu saba bila Injinia, na mimi kazi yangu kupima. Kila asubuhi maombi, halafu chai, halafu kelele.

Lakini mwaka huu kazi ilipungua sana. Ikabaki tumaini moja: Bwana Njogu wa Mwea, mwenye mashine kadhaa za kukoboa mpunga. Alitupa rola moja ya kujaribu, ile chuma ya mbavu inayozunguka ndani. Ikikubali, anatupa mashine zote. Ikikataa, mwisho wa mwezi tunafunga ofisi. Demo ilikuwa Jumatano.

Na Injinia akatuacha Jumatatu.

Tuliomba siku zisogezwe mbele. Njogu akakataa, mpunga umeshavunwa na watu wamepanga foleni. Mama Tony, na machozi yake, akatuambia, "Endeni. Hata yeye angeenda."

Tulipofika Mwea, Njogu akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Injinia wenu amekufa, sasa mnaniletea mshona nguo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Na huyo mshona nguo ndiye alipima hiyo rola yako. Washa."

Moyoni nilikuwa nasema, Baba wa mbinguni, usituaibishe mbele ya watu wa Mwea.

Wakafunga rola, wakamwaga gunia. Mashine ikanguruma. Njogu akakinga kiganja chini, akachukua mchele, akaupuliza. Akachukua tena. Na tena, mpaka nikashika kijana wetu mkono.

Halafu akapigia kelele watu wake, "Njooni muone! Hakuna ganda! Na haujavunjika!"

Nilipiga magoti hapo hapo kwa makapi, na sikuona haya.

Jana jioni nikapitia kwa Mama Tony, nyumba imejaa kamati ya mazishi. Nikamwambia tu, "Imekubali." Akasimama, akapaza sauti, "Ongezeni chai! Kampuni ya baba yenu haifungwi!" Watu wakalia na kucheka pamoja. Sijawahi kuona matanga kama hayo.

Kesho tunakulaza kwenu Giakanja, rafiki yangu. Ulinitoa kwa kibanda ukaniweka mezani na wasomi, na hata siku moja hukuniita mjinga. Pumzika vizuri, Injinia. Lala kwa amani ya Bwana. Watu wako saba wako na kazi.

Na nyinyi mafundi wa kuchomelea wa upande wa Mwea: Njogu anataka mashine zote zipimwe kuanzia Jumatatu, na mikono yetu haitoshi. Kama uko tayari, tafadhali nijibu leo.