Medali na Kasha Lake

Fundi saa mwenye kibanda cha vioo chini ya ngazi alikuwa na medali thelathini na nane za ukumbusho za karne ya kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyompa raha. Aliyoionea fahari zaidi ilikuwa ya shaba, pana kama kifuniko cha kopo, iliyotolewa mwaka 1868 reli ilipovuka mto kwa mara ya kwanza. Zilibaki chache sana. Kasha lake la asili, la ngozi, lenye shimo la mahameli lililokatwa kwa kipimo cha medali hiyo tu, lilibaki moja. Nalo lilikuwa kwa binamu yake.

Binamu, mwalimu wa hesabu mstaafu, alilinunua mnadani la kuwekea vifungo vya mashati. Alipogundua linavyomchoma mwenzake, alivitoa vifungo akaliweka sebuleni juu ya kabati, wazi, tupu.

Kila Jumapili fundi alikwenda kumjulia hali. Hali aliijua mlangoni. Muda uliobaki alitazama kasha. Aliwahi kutoa medali sita wabadilishane. Akaambiwa alete ile ya reli, maana kasha limeshaanza kuulizia mtu wake. Wakacheka wote wawili, mmoja kwa dhati. Mkewe fundi alisema angeonewa yeye robo ya wivu huo, angenenepa.

Miaka kumi na moja ikaenda hivyo. Jumapili moja ya Desemba, binamu akiwa jikoni anachemsha chai, fundi alitoa medali mfukoni, ambako ilisafiri kila wiki bila mtu kujua. Alitaka kuona tu. Akaiweka, akabonyeza kidogo kwa kidole gumba. Ikazama, ikatulia.

Ikagoma kutoka. Mahameli yalikuwa yamekauka na kukaza. Hata ukucha haukupata pa kupita. Fundi, aliyefungua maelfu ya saa bila kuacha mkwaruzo, alijua kwamba bisibisi ingeharibu medali na kasha kwa pamoja.

Binamu alirudi na vikombe viwili, akatazama, akaviweka mezani taratibu.

"Kumbe ulikuwa unaitembeza, binamu."

"Nilikuwa napima tu."

"Basi imepimika."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mwalimu, kwa upole uliostahili kumtia mwenzake shaka, alipendekeza zamu: mwezi kwangu, mwezi kwako. Yeye aanze na Januari, kwa kuwa kasha ndilo mwenyeji. Fundi alikubali upesi, binamu asije akabadili nia.

Tangu hapo kasha huhama kila tarehe mosi, na anayelipokea hulikagua kwa lenzi mlangoni kabla ya salamu. Mwaka wa pili, akitazama kalenda kibandani, fundi alihesabu. Akahesabu tena. Miezi ya binamu ilikuwa na siku mia moja themanini na nne. Yake, mia moja themanini na moja.

"Tatu," alimwambia mkewe jioni. "Kila mwaka, siku tatu."

Mkewe alimkumbusha kwamba mwaka mrefu zinakuwa mbili. Haikusaidia.