Sheria Zinazongojana

Siku ya kutetea tasnifu yangu ya chuo kikuu, hapa Bujumbura, mmoja wa majaji alitaka kunitega. Nilikuwa nimeandika programu ya kupanga ratiba ya mitihani, kwa lugha ya kompyuta ya kimantiki ambayo sheria zake zote hufanya kazi kwa pamoja. Hakuna ya kwanza wala ya mwisho. Kila sheria hungoja taarifa yake, ikiipata, inaendelea.

Wazo hilo sikulitoa mbali. Nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, na kwenye harusi zetu nimewaona mama zangu wakipika. Wa pilau anangoja mchuzi wa nyama, wa nyama anangoja vitunguu, na aliyechelewa anaingia tu kwenye sufuria yake. Hakuna anayeamuru, na wageni wanakula.

Yule jaji hakuamini. Aliivuta kompyuta yangu akazipangua sheria, ya chini akaiweka juu, ya juu akaitupa katikati. Sikumzuia. Nilikunja mikono nikamwacha ajichokee. Akabonyeza, na ratiba ikatoka ileile kwenye skrini ya ukumbi. Akavuruga tena. Ileile.

Mama, aliyekaa nyuma na kitenge chake cha Idi, hakuelewa hata neno moja la Kifaransa chetu, lakini alikuwa ameona mtu anavuruga kazi ya binti yake. Akasema, bila kunong'ona:

"Ata uvuruge namna gani, mutoto yangu anafika tu."