Uso Ndani ya Ndoo

Mimi huona makosa kabla ya kuona filamu. Katika filamu moja ya angani, rubani anaingia chomboni na jeraha kwenye shavu la kulia, anatoka nalo kwenye la kushoto. Wenzangu walilia alipokufa. Mimi nilikuwa bado natafuta lile jeraha.

Sikusomea kazi ya filamu popote. Nilijifunza kwenye simu, kwa wale wanaoeleza jinsi filamu zinavyotengenezwa: kwamba chombo kikubwa kama mji kilikuwa kidude cha kuweka mezani, kwamba theluji ya sayari ilikuwa chumvi. Hilo la chumvi ndilo lililoniponza. Kama chumvi inaweza kuwa sayari, je, chisense?

Chisense ni visamaki vinavyoanikwa mchangani hapa Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Jua likipanda, ufuko wote unang'aa kama bati jipya. Rafiki yangu, mtoto wa jirani yetu, Mkongomani kama sisi, mama yake alikuwa akifanya biashara hiyo. Mama yake alituruhusu kupiga filamu pale, mradi tusikanyage samaki.

Vazi la rubani tulilishona kwa magunia ya unga yaliyogeuzwa ndani nje. Kofia ilikuwa ndoo nyeupe. Tuliikata dirisha na kuliziba kwa plastiki ya chupa ya maji. Sauti ya chombo kikitua ni ya chigayo, mashine ya kusaga mahindi, niliyoipunguza mwendo. Rafiki yangu akawa rubani kwa sababu ya hatua zake: aliutupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi. Mimi nilishika simu na kumchosha.

"Rudia. Maandishi ya unga yanapenya, yanaonekana mgongoni."

"Weye, ku mwezi banakula nini? Banakula bukari! Acha baone unga," akasema; bukari ni ugali kwetu.

"Rudia."

Akaiinua ndoo, akacheka mpaka akainama. Kipande kikaharibika.

Hatukuwa tumemaliza alipopanda boti kupeleka mzigo wa mama yake ng'ambo. Upepo uliipindua. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana, wala simu yake iliyokuwa na picha zake zote. Tulikaa kilio bila mwili, tukatawanyika bila kuzika.

Baadaye nikavaa magunia yake. Nilisema namalizia filamu kwa heshima yake. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia kitu kilichokatika katikati. Ndani ya ndoo kulikuwa na harufu ya mdomo wa mtu, na pumzi yangu ilinirudia masikioni kama ya mwingine aliyesimama karibu mno. Niliegemeza simu kwenye jiwe, nikajifunza kutupa mguu wa kushoto. Nilirudia mpaka nikaacha kufikiri.

Nilipoanza kuunganisha vipande, nikaona nimeharibu jambo nisilolijua jina. Kuna kipande kimoja ambamo rubani anakuja kutoka upande wa maji. Sikumbuki kukipiga, wala sikumbuki kutembea pale. Nilichunguza kivuli, mishono ya magunia, hata ufa wa ndoo. Ni mimi au ni yeye. Hapawezi kuwa na wa tatu. Hata hivyo, siwezi kukitazama mlango ukiwa wazi nyuma yangu.

Mama yake alisikia, akaja, akaniita Papa kama kina mama wa kwetu wanavyomwita kijana.

"Papa, banasema mutoto yangu iko mu filme yako. Nionyeshe."

Akatazama kwenye simu mpaka mwisho, ameishika kwa mikono miwili.

"Uso yake iko wapi?"

"Mama, rubani hawezi kuvua kofia. Kule hakuna hewa."

"Siulize hewa. Nauliza uso."

Nikamwonyesha kile kipande kilichoharibika. Hakulia. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Weka hii. Tulikaa kilio bila kitu ya kuangalia. Batu bamuone."

Nilimwambia nitakiweka mwishoni, filamu ikiisha.

"Filme ikiisha, batu banatoka."

Nilijaribu njia zote. Hapakuwa na mahali ambapo kicheko kile kingekaa bila kuiua filamu. Mwishowe nikakiweka katikati, juu ya ardhi ya fedha ya chisense, bila kukipamba. Nilihisi kana kwamba nakata, siyo kwamba naongeza.

Jumamosi tuliionyesha katika nyumba ya video karibu na soko. Wafanyabiashara wa samaki walijaa, na vijana wa Kibemba wamesimama mlangoni. Rubani akatua, akatembea, akaiinua ndoo.

"Iwe, wewe!" kijana mmoja akapiga kelele. "Ametoa kofia! Mbona hafi?"

"Hewa iko natoka wapi?" mwingine akadakia. Watu wakaangua kicheko. Nikainamisha kichwa, kila nilichokiogopa kilikuwa kinasemwa kwa sauti.

Mama yake alikuwa benchi la mbele. Akasema bila kugeuka:

"Mumuache apumue."

Kicheko kikafa kidogo kidogo, benchi baada ya benchi. Wale waliomfahamu rafiki yangu wakamtambua. Mwanamke mmoja akamwita kwa jina lake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kwenye ukuta yeye aliendelea kucheka, akajifuta macho kwa mkono wa gunia, kisha akairudisha ndoo kichwani.

Hapo hapo mama yake akasimama, akafunga kitenge chake, akatoka nje. Filamu ilikuwa bado ndefu. Nilibaki nimekaa, nikimtazama yule aliyemo ndani ya ndoo akitembea.